Macho ya manjano si uchawi: korona, ini na familia zetu

Sisi ni walimu wenu wa kujitolea hapa Lobule. Mwezi huu ukurasa wa familia umeangukia kwetu. Tulifikiria kuandika juu ya karo na sare, lakini mama mmoja alitusimamisha baada ya kikao cha wazazi akatuuliza hivi: "Walimu, korona si ugonjwa wa kifua? Mbona kaka yangu alipougua macho yake yaligeuka manjano mpaka watu wakasema amelogwa?"

Swali kama hilo halijibiwi ukiwa umesimama mlangoni. Tulimwomba atupe muda. Tukaenda kwa muuguzi wa kituo cha afya, tukakaa na watu wa VHT, tukasoma, tukaulizana wenyewe kwa wenyewe. Haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa sababu mama yule hayuko peke yake. Katika bloku zetu kuna familia ambazo jambo hili liliwagawanya.

Kwanza tukumbuke ile miaka

Mtu wa kwanza mwenye korona hapa Uganda alitangazwa tarehe 21 Machi 2020. Shule zilikuwa zimeshafungwa siku moja kabla. Mipaka ikafungwa pia, na sisi tuliokuwa na ndugu Ingbokolo, Aru na Ariwara tukabaki kusikilizana kwa simu tu. Mwezi wa Julai 2020 serikali ilifungua njia kwa siku chache huko Guladjo, wilaya ya Zombo, na ndugu zetu zaidi ya 3,000 waliokimbia vita vya Ituri wakaingia, wakawekwa karantini kwanza. Shule zilijaribu kufungua nusu nusu, zikafungwa tena Juni 2021, na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Wengine tuliowaacha darasa la nne tuliwakuta wana watoto mgongoni.

Lokidauni ya pili, ile ya Juni 2021 ya siku 42, ndiyo iliyotuuma zaidi upande wa ugonjwa. Magari yalisimamishwa. Boda haikuruhusiwa kubeba abiria. Toka Koboko mpaka Arua ni barabara nzuri ya lami, kwa kawaida ni safari ya saa moja hivi, lakini siku zile Arua ilikuwa mbali kama Kampala. Mtu akiugua, familia ilitibu kwa kile kilichokuwa ndani ya nyumba au dukani.

Mzee wa bloku yetu

Katika siku hizo mzee mmoja jirani yetu alianza homa na kikohozi. Chakula hakikuwa na harufu wala ladha. Familia yake ilimpenda, na kila mmoja akaleta dawa yake. Mtoto mkubwa alinunua Panadol. Mkwe akaleta dawa ya mafua, ambayo ndani yake ina parasetamoli ile ile ya Panadol, ila jina tu ni lingine. Shangazi akachemsha majani ya aina nne katika sufuria moja, asubuhi kikombe, jioni kikombe. Halafu rafiki zake wakaleta lutuku, maana wakati ule watu walikuwa wakisema eti pombe kali inaua korona kooni.

Siku ya sita macho yakawa manjano. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Mzee akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Hapo maneno ya kijiji nayo yakaanza. Wengine wakasema ni sumu, aliwekewa kwenye kwete. Wengine wakamtaja jirani fulani. Ilibaki kidogo watu wapigane. Ni binti yake, msichana wa darasa la sita, aliyekimbia kumwita mtu wa VHT, na ambulansi ikapatikana usiku.

Hospitalini walimpima wakakuta vitu viwili. Korona alikuwa nayo. Lakini pia alikuwa na homa ya ini ya aina B, ambayo huenda alikaa nayo miaka mingi bila kujua. Basi korona, vidonge vingi, majani na lutuku vyote viliangukia ini ambalo lilikuwa tayari limechoka.

Mzee alipona, tunamshukuru Mungu. Tutarudi kueleza kilichofuata, maana kurudi nyumbani kulikuwa kugumu kuliko hospitali.

Ini ni nini hasa?

Tunapofundisha watoto sayansi tunawaambia hivi: mnaijua stoo ya mgao wa chakula? Gari likifika halimwagi mahindi barabarani. Vitu vyote vinaingia stoo kwanza. Vinahesabiwa, gunia lenye ukungu linatolewa, kingine kinawekwa akiba, ndipo watu wanagawiwa. Ini ndiyo stoo ya mwili. Liko upande wa kulia chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Damu inayotoka tumboni ikiwa na chakula, dawa au pombe hupita kwenye ini kwanza. Ini linatunza sukari, linatengeneza vitu vya kugandisha damu mtu akijikata, linatengeneza nyongo, na linavunja sumu.

Ile rangi ya manjano inatoka wapi? Chembe nyekundu za damu zikizeeka zinavunjwa, na mabaki yake yana rangi ya manjano. Ini lenye nguvu linayatoa pamoja na nyongo. Ini likishindwa, mabaki yanabaki katika damu na yanaonekana kwenye weupe wa macho. Ni kama stoo iliyoziba: uchafu unarudi mpaka barabarani. Hakuna mchawi hapo.

Ubaya wa ini ni kwamba halipigi kelele. Linaweza kuumwa miaka kumi au ishirini na mwenyewe analima, anacheka, anazaa. Likianza kulalamika, mara nyingi kazi ni kubwa.

Korona inafikaje kwenye ini?

Ni kweli korona inaanzia kwenye pua, koo na mapafu. Lakini madaktari wa China mwaka 2020 waliona kwamba wagonjwa wengi waliolazwa, vipimo vyao vya ini vilikuwa vimepanda. Katika ripoti zao za mwanzo, kati ya wagonjwa 100 walikuwa toka 14 mpaka 53, ikitegemea ni hospitali gani na wagonjwa walikuwa wazito kiasi gani. Sababu walizotaja tunaweza kuzigawa katika nne.

Ya kwanza, virusi vyenyewe. Virusi vya korona vinaingia kwenye chembe za mwili kwa kupitia mlango fulani, na mlango huo uko pia kwenye mirija ya nyongo ndani ya ini.

Ya pili, vita vya mwili wenyewe. Askari wa mwili wakipigana na korona kwa hasira kupita kiasi, wanachoma hata nyumba za raia. Ini linavimba katika vita hiyo.

Ya tatu, kukosa hewa. Mapafu yakijaa, damu inakuwa na oksijeni kidogo, na ini ni kiungo kinachohitaji oksijeni sana.

Ya nne, dawa na vitu tunavyomeza. Parasetamoli ni dawa nzuri na salama kwa kipimo chake. Mtu mzima asipitishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe anatakiwa kumeza pungufu ya hapo, kama muuguzi atakavyomwambia. Ukizidisha, parasetamoli inaweza kuua ini kabisa. Ndiyo maana ni hatari kuchanganya Panadol na dawa ya mafua bila kusoma ndani yake kuna nini.

Lakini msikilize vizuri hapa: kwa wagonjwa wengi wa korona uvimbe huu wa ini ni mdogo. Hauonekani kwa macho, unaonekana kwenye damu tu, na mgonjwa akipona ini nalo linarudi. Macho ya manjano si dalili ya kawaida ya korona peke yake. Mgonjwa wa korona akigeuka manjano, ni lazima kutafuta kama kuna kitu kingine kimejificha nyuma. Kwa mzee wetu kilikuwepo.

Homa ya ini ya aina B hapa West Nile

Sasa tunafika kwenye kiini cha maneno yetu. Mwaka 2005 Uganda ilipima watu nchi nzima, ikakuta kama watu 10 kati ya 100 wana virusi vya homa ya ini ya aina B. Huku kaskazini na West Nile ilikuwa juu zaidi kuliko kusini-magharibi. Upimaji mwingine wa miaka ya 2016 na 2017 ulikuta watu wazima kama 4 kati ya 100. Imeshuka, na kushuka huko hakukuja kwa bahati. Toka mwaka 2002 watoto wanapata chanjo hiyo ndani ya ile sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Toka mwaka 2015 serikali ilianza kuwachanja watu wazima bure, ikianzia maeneo ya kaskazini.

Lakini hesabu wenyewe: mtu aliyezaliwa Uganda kabla ya 2002 hakuipata alipokuwa mtoto. Na wengi wetu tulizaliwa ng'ambo, katika vijiji ambavyo sindano ilifika siku ile tu ambayo hakuna bunduki. Sisi wenyewe walimu, katika umri wetu wa miaka ya ishirini, wengi hatuna kadi yoyote ya utotoni. Kadi zilibaki katika nyumba zilizoungua.

Aina B inapita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na toka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Inapita kwa wembe mmoja unaochanja chale watu watano, kwa sindano isiyo safi, hata kwa mswaki wa kushirikiana. Haipiti kwa kushikana mikono. Haipiti kwa sahani, kikombe, kukumbatiana wala kukaa dawati moja.

Kuna ndugu wengine wa ugonjwa huu. Aina A na E zinapita kwa maji na chakula chenye uchafu wa choo. Aina E ilipiga kambi za waliohamishwa na vita huko Kitgum kuanzia mwaka 2007: waliougua walipita 10,000 na waliokufa walikuwa 160. Mwaka 2012 ikafika kambi za Maban, Sudan Kusini. Inawaua hasa mama wajawazito. Kwa hiyo mtu akisema "homa ya ini", uliza ni aina gani, maana kinga ya aina E ni choo na maji safi, na kinga ya aina B ni chanjo.

Na si kila manjano ni homa ya ini. Malaria kali inaweza kugeuza macho manjano. Mtoto mwenye selimundu naye anaweza. Hata ile homa ya manjano inayoletwa na mbu ilitangazwa Moyo na Buliisa mnamo Januari 2020, miezi miwili tu kabla ya korona. Macho ni yale yale, magonjwa ni tofauti. Nani atayatofautisha? Ni kipimo cha damu tu.

Kilichofuata nyumbani kwa mzee

Mzee alirudi na chupa ya vidonge, kidonge kimoja kila siku. Dawa hiyo inaitwa tenofovir. Haifukuzi virusi vyote, lakini inavilaza ili visile ini. Sasa shida ni kwamba dawa hiyo hiyo inatumika pia ndani ya matibabu ya watu wenye virusi vya ukimwi. Mtu aliiona chupa, na kabla jua halijazama bloku nzima ilikuwa inasema mzee ana ukimwi.

Sahani yake ikatengwa. Kwenye bomba la maji mke wake aliambiwa asubiri mpaka wengine wamalize. Rafiki wa kwete hawakuja tena. Na shule zilipofunguliwa ile Januari 2022, yule binti aliyemwokoa baba yake alikaa peke yake kwenye dawati. Watoto walikataa kikombe alichokunywa. Wiki ya tatu hakuja. Tulipofika nyumbani alisema neno moja tu: "Walimu, afadhali nilime."

Tulikaa na mama yake mpaka giza. Kesho yake tulimwalika muuguzi darasani, kwa ruhusa ya mzee mwenyewe. Mzee alisema, "Kama jina langu litarudisha mtoto shule, litajeni." Muuguzi aliwaeleza watoto mambo haya haya tuliyoandika hapa. Kisha akaomba kikombe cha yule binti, akachota maji, akanywa mbele yao wote. Darasa lilinyamaza. Halafu mtoto mmoja akauliza: "Sasa sisi tulikuwa tunaogopa nini?"

Binti alirudi. Si watu wote waliobadilika. Kuna mlango mmoja ambao mpaka leo haumpokei baba yake. Lakini alimaliza mtihani wa darasa la saba, na sisi tuliokuwa pale tunajua ungeweza kupotea kwa sababu ya kikombe.

Si kila habari iliisha hivyo. Katika bloku ya pili mama mmoja aligeuka manjano akiwa na mimba. Alipelekwa kwa mganga kuchanjwa chale, wiki mbili zikapita. Alipofikishwa hospitali tumbo lilikuwa limejaa maji. Hakurudi. Hatuandiki hili kumhukumu mtu, familia ile ilitafuta msaada pale ilipoamini upo. Tunaliandika ili wiki mbili zisipotee tena kwa mama mwingine.

Na watoto je?

Wazazi wengine walituuliza juu ya habari za redio za mwaka 2022, kwamba watoto ulaya walikuwa wanaugua ini bila sababu. Ni kweli. Mpaka Julai 2022 Shirika la Afya Duniani lilihesabu watoto 1,010 katika nchi 35, na 22 walikufa. Watu wakasema ni chanjo ya korona. Lakini wengi wa watoto hao walikuwa wadogo mno, hawakuwa wamechanjwa. Wachunguzi walikuja kuona virusi vingine, vya jamii ya mafua ya watoto, vinahusika zaidi. Basi tusiogopeshe watoto wetu na sindano kwa habari ya nusu.

Familia ifanye nini?

Dharura ya dunia juu ya korona ilimalizwa tarehe 5 Mei 2023, lakini virusi bado vipo, na ini lako liko pale pale. Kwa hiyo:

1. Nenda kupimwa homa ya ini ya aina B. Ukikutwa huna, omba chanjo: sindano tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Usiache ya tatu.

2. Mama mjamzito aulize kipimo hicho kliniki. Ikijulikana mapema, mtoto anaweza kukingwa. Na mama mwenye aina B ananyonyesha, asizuiwe.

3. Ukiwa na homa au kikohozi, usichanganye dawa. Beba vidonge vyote na majani yote unayotumia, mwonyeshe muuguzi. Hatakucheka.

4. Lutuku, waragi na nguli haviui korona. Vinaua ini.

5. Karanga na mahindi yenye ukungu usile wala usimpe mtoto. Sumu ya ukungu huo inaleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye aina B.

6. Wembe ni wa mtu mmoja. Mswaki ni wa mtu mmoja.

7. Macho ya manjano, mkojo mweusi, tumbo kujaa, kutapika damu au kuchanganyikiwa: mwite mtu wa VHT siku hiyo hiyo. Usingoje kikao cha ukoo.

8. Mgonjwa wa homa ya ini ya aina B ale nanyi, sahani moja. Na chupa ya dawa ya jirani si gazeti, msiisome.

Yule mama aliyetuuliza swali tulimjibu wiki iliyopita. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atampigia simu kaka yake amwambie aende kupimwa, halafu akauliza kama na yeye apimwe. Tulimwambia ndiyo mama, na sisi walimu tuko kwenye orodha hiyo hiyo.

Mwenye swali alilete shuleni au amtume mtoto na karatasi, hata bila jina. Mwezi ujao wenzetu wa darasa la watu wazima wataandika juu ya maji ya bomba na jerikani chafu. Mpaka hapo, tunzeni maini yenu na ya watoto wenu.

Sisi walimu wenu wa kujitolea, Lobule, Koboko.